Ukurasa wa mwanzo wa kivinjari unaokataa kubadilika: mwongozo kamili

Wiki za mwisho za Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ili wawasilishe ritani za ushuru, saiba yetu (duka la huduma za intaneti) hapa Kondele, Kisumu, hujaa hadi mlangoni. Wengi huja na laptopu zao wenyewe, na kuna lalamiko moja ninalolisikia kuliko yote: "Nimeweka ukurasa ninaoutaka, lakini nikifungua kesho yake naukuta ule wa zamani."

Wengi wao wameshasoma maelekezo ya mistari mitatu mahali fulani, wakayafuata neno kwa neno, na bado wakashindwa. Maelekezo hayo si ya uongo. Yameruka tu jambo la kwanza ambalo mtu anapaswa kulijua, na ndilo nitakaloanza nalo mara tu tukishaorodhesha vifaa.

Majina ya vitufe nimeyaacha jinsi yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi za huku zimewekwa kwa Kiingereza. Ikiwa yako imewekwa kwa Kiswahili, mpangilio wa vitu ni uleule. Fuata nafasi yake kwenye skrini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta au simu yenyewe. Ikiwa mnaitumia watu kadhaa na kila mmoja ana wasifu wake kwenye kivinjari, fungua wasifu wako. Mpangilio wa wasifu mmoja hauhami kwenda kwa mwingine.
- Anwani kamili ya tovuti unayoitaka, imeandikwa kwenye karatasi.
- Bando kidogo. Kubadilisha mpangilio hakuli bando. Kinachokula ni kuupakia ukurasa wakati wa kuujaribu.
- Betri yenye chaji. Stima ikipotea katikati ya jaribio, kivinjari kikiwashwa tena kinaweza kukuuliza kama kirudishe kurasa za awali, nawe ukadhani mpangilio umekataa.
- Ruhusa ya mwenyewe, ikiwa mashine ni ya shule, ofisi au saiba.
- Robo saa isiyo na haraka.

## Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango upi

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Edge au Firefox, kina milango mitatu ya kuingilia, na kila mlango una mpangilio wake.

Wa kwanza ni ukurasa wa kuanzia: kile unachokiona unapofungua kivinjari kilichokuwa kimefungwa kabisa.

Wa pili ni kitufe cha nyumba: ile picha ndogo ya nyumba karibu na sehemu ya kuandikia anwani. Ukiibofya, inakupeleka mahali palipoandikwa kwa ajili yake peke yake.

Wa tatu ni kichupo kipya: kinachotokea ukibofya alama ya kujumlisha juu ya dirisha, au ukibonyeza Ctrl na T.

Karibu kila anayeshindwa amebadilisha mlango mmoja huku akiingilia mwingine. Mwaka jana alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Ahero, amechoka na laptopu yake. "Mwanangu, nimebadilisha mara tano," akaniambia, "na kila asubuhi inarudi kule kule." Nikamwomba, "Mwalimu, hebu ifunge yote, kisha uifungue kama unavyofanya nyumbani." Akaifunga, akabofya aikoni ya Chrome, ukurasa wa zamani ukatokea. Nikamwonyesha picha ya nyumba, akaibofya: tovuti ya TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu) aliyoiweka ikafunguka palepale. Mara zote tano alikuwa amefaulu. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuitumia ile picha ya nyumba tangu anunue laptopu. Ukurasa wa kuanzia, anaouona kila asubuhi, hakuwa ameugusa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mipangilio yoyote, fanya majaribio matatu na uandike majibu kwenye karatasi yako:

1. Funga kivinjari chote, kifungue tena. Umeona nini?
2. Bonyeza Alt na Home kwa pamoja kwenye kompyuta ya Windows. Umepelekwa wapi? Njia hii ya mkato hukupeleka kwenye ukurasa wa kitufe cha nyumba hata kama kitufe chenyewe hakionekani.
3. Bonyeza Ctrl na T. Umeona nini?

Ishara kwamba umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Nataka kubadilisha kile ninachokiona nikifungua kivinjari," au "Nataka kitufe cha nyumba kinipeleke eCitizen," yaani tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Ukiutaka ukurasa huo katika milango miwili, utabadilisha sehemu mbili.

Nikuondolee tumaini la bure mapema kuhusu mlango wa tatu. Katika Chrome na Edge huwezi kuweka anwani yako kwenye kichupo kipya kupitia mipangilio ya kawaida. Firefox hukupa nafasi ya kuchagua kati ya ukurasa wake na ukurasa mtupu, basi. Ukitaka zaidi ya hapo utahitaji kiendelezi (extension), yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, na viendelezi vya aina hiyo ndivyo vinavyoleta nusu ya matatizo ya hatua ya 5. Ushauri wangu ni uachane nacho.

## Hatua ya 2: Chagua anwani, kisha uihakikishe

Usiharakishe hapa. Ukurasa wa mwanzo ndio ukurasa ambao macho yako huuamini bila kuuchunguza. Mtu akikuwekea ukurasa bandia wa eCitizen mahali hapo, utaandika nambari yako ya kitambulisho na nenosiri bila kusita, kwa sababu ndio ukurasa unaouona kila siku.

Andika anwani mwenyewe. Usiandike jina la tovuti kwenye mtambo wa kutafutia na kubofya tokeo la juu, maana huenda tokeo hilo ni tangazo. Kwa huduma za serikali andika https://www.ecitizen.go.ke; kwa ushuru, https://itax.kra.go.ke, kwa walimu, https://www.tsc.go.ke.

Soma mwisho wa jina. Asasi za serikali ya Kenya hutumia .go.ke, vyuo vikuu kama Maseno na Egerton hutumia .ac.ke, na kampuni nyingi hutumia .co.ke. Linaloamua ni herufi zilizo kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Anwani kama ecitizen.go.ke.example.com si ya serikali hata kidogo: mwenyewe ni yule wa example.com, na maneno yaliyotangulia amejiandikia tu. Wala alama ya kufuli isikutulize. Inaonyesha kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa njiani. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Tumia ukurasa wa mbele wa tovuti, ukiwa hujaingia kwenye akaunti. Wengi hunakili anwani wakiwa tayari ndani ya akaunti. Anwani hiyo huwa ndefu na inaweza kuwa ya kikao hicho kimoja. Kesho yake ukiifungua unakuta ujumbe wa kosa, unadhani tovuti imeanguka. Toka kwanza kwenye akaunti, rudi ukurasa wa mbele, bonyeza Ctrl na L ili anwani yote ichaguliwe, kisha Ctrl na C kuinakili.

Fikiria bando pia. Tovuti ya habari yenye video zinazojichezea zenyewe itapakia vyote hivyo kila unapofungua kivinjari, hata siku uliyotaka kusoma barua pepe moja tu. Kwa mtu anayetumia bando za siku ningependekeza ukurasa mwepesi, au ukurasa mtupu kabisa, ambao anwani yake ni about:blank. Haupakii chochote.

Ishara kwamba umefaulu: ukiwa hujaingia kwenye akaunti yoyote, unabandika anwani hiyo kwenye kichupo kipya na ukurasa unaoutaka unafunguka bila ujumbe wa kosa.

## Hatua ya 3: Badilisha mpangilio

Nenda moja kwa moja kwenye kivinjari chako.

### Chrome kwenye kompyuta

1. Bofya vidoti vitatu vilivyosimama juu kulia, kisha "Settings". Ukiona menyu imejaa mambo, andika chrome://settings kwenye sehemu ya anwani na ubonyeze Enter.

2. Ikiwa mlango wako ni wa kwanza, bofya "On startup" upande wa kushoto. Kuna machaguo matatu. "Open the New Tab page" hufungua ukurasa wa kawaida wa Chrome. "Continue where you left off" hurudisha vichupo ulivyoviacha. "Open a specific page or set of pages" ndilo unalolihitaji.

3. Ukishalichagua, bofya "Add a new page", bandika anwani, bofya "Add". Ikiwa kuna anwani ya zamani chini yake, bofya vidoti vitatu vilivyo kando yake na uiondoe. Watu huongeza mpya na kusahau kuiondoa ya zamani, kisha zote mbili hufunguka pamoja.

Jihadhari na kitufe cha "Use current pages" kilicho karibu hapo. Kinachukua vichupo vyote vilivyo wazi wakati huo. Nimewahi kufungua laptopu ya mteja ikapakia kurasa 11 kwa mpigo, bando lake likaisha kabla hatujafanya alichokijia.

4. Ikiwa mlango wako ni wa pili, bofya "Appearance". Washa swichi ya "Show home button". Chini yake, chagua "Enter custom web address" badala ya "New Tab page", kisha bandika anwani.

Hutaona kitufe cha kuhifadhi popote. Wengi hukitafuta, wakikikosa wanadhani kazi haijakamilika. Chrome huhifadhi yenyewe.

Ishara kwamba umefaulu: katika mlango wa kwanza, anwani yako iko peke yake kwenye orodha ya "On startup". Katika mlango wa pili, picha ya nyumba imetokea upande wa kushoto wa sehemu ya anwani.

### Edge

Edge huja na Windows, na ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za ofisi. Bofya vidoti vitatu vilivyolala juu kulia, "Settings", kisha sehemu ambayo jina lake linaanza kwa "Start, home, and new tab". Maneno yanayofuata hutofautiana kidogo kulingana na toleo.

Uzuri wa Edge ni kwamba milango yote imewekwa kwenye ukurasa mmoja. Juu kuna "When Edge starts", ndio mlango wa kwanza: chagua kufungua kurasa maalumu, ongeza anwani yako, ondoa zilizobaki. Chini yake kuna "Home button": washa swichi, chagua nafasi ya kuandikia anwani badala ya ukurasa wa kichupo kipya, bandika, kisha bofya "Save" ikitokea. Usipoibofya, anwani inapotea.

### Firefox

Bofya mistari mitatu juu kulia, "Settings", kisha "Home". Kwenye "Homepage and new windows" chagua "Custom URLs" na ubandike anwani. Katika Firefox anwani hiyo moja hutumika kwa kuanzia na kwa kitufe cha nyumba pia, jambo linalopunguza mkanganyiko.

Lakini kuna mtego mmoja. Rudi kwenye "General" uangalie kisanduku cha "Open previous windows and tabs" juu kabisa. Kikiwa na alama ya tiki, Firefox ikifunguliwa itarudisha vichupo vya jana na hutauona ukurasa wako. Ondoa tiki.

## Hatua ya 4: Jaribu kwa njia inayothibitisha

Kubofya alama ya X ya dirisha moja hakumaanishi kivinjari kimefungwa. Huenda dirisha jingine limejificha nyuma, au Chrome inaendelea kufanya kazi kimyakimya. Ukibofya aikoni tena, kinachofunguka ni dirisha jipya tu la kivinjari ambacho hakikuzimwa.

Fungua vidoti vitatu na ubofye "Exit" chini kabisa ya menyu. Katika Edge kitufe hicho huitwa "Close Microsoft Edge". Katika Firefox kiko kwenye mistari mitatu. Kwenye Mac, bonyeza Command na Q. Subiri kidogo, kisha fungua kivinjari kwa aikoni ileile unayoitumia kila siku. Hilo la mwisho lina sababu yake, utaiona katika hatua inayofuata.

Ukiona kisanduku kinachouliza "Restore pages?", kifunge bila kukubali. Hutokea kompyuta ilipozimika ghafla, na hakihusiani na mpangilio wako.

Kisha zima kompyuta yote, iwashe, urudie jaribio.

Ishara kwamba umefaulu: ukurasa wako umefunguka mara zote mbili. Ikiwa ulifunguka mara ya kwanza na ukapotea baada ya kuwasha upya, kuna kitu kinachokurudisha nyuma.

## Hatua ya 5: Ukirudi wa zamani, tafuta mkono unaoubadilisha

Ukurasa haujirudishi wenyewe. Kama umeufuata mwongozo hadi hapa na bado unauona ule mtambo wa kutafutia usioujua, umejaa matangazo ya mikopo na michezo ya kamari, basi kuna mkono. Kagua kwa mpangilio huu. Nimeanza na ukaguzi wa haraka na usio na madhara.

Njia ya mkato ya aikoni. Hapa ndipo wengi hawafikirii kuangalia. Programu chafu haihitaji kugusa mipangilio ya Chrome. Inaongeza tu anwani yake kwenye aikoni unayoibofya. Bofya aikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", angalia mstari wa "Target". Kwa aikoni iliyo kwenye upau wa chini wa skrini, bofya kulia mara moja, kisha bofya kulia tena juu ya jina la kivinjari kwenye orodha, ndipo upate "Properties".

Mstari huo unapaswa kuishia kwa chrome.exe" au msedge.exe" au firefox.exe". Ukikuta anwani ya tovuti imefuata baada ya alama hiyo ya kufunga, futa anwani hiyo tu, ubofye "OK". Ukikuta maneno yanayoanza na --profile-directory, yaache: hayo huonyesha wasifu unaofunguliwa. Kagua aikoni zote mbili, ya eneokazi na ya upau wa chini, maana huwa moja ni safi na nyingine imechafuliwa.

Viendelezi. Katika Chrome andika chrome://extensions, katika Edge edge://extensions, katika Firefox about:addons. Soma kila jina. Swali la kujiuliza ni moja: niliweka hiki mimi, na bado nakitumia? Kisichojibika, kizime kwanza kwa swichi yake. Jaribu kivinjari. Ukurasa ukitulia, kiondoe kabisa. Wanaoshukiwa zaidi ni vigeuzi vya PDF, vipakuzi vya video na "visaidizi vya kutafutia". Mara nyingi kivinjari chenyewe hukuambia: chini ya mpangilio wa ukurasa wa mwanzo huandika kwamba kiendelezi fulani ndicho kinachoudhibiti.

Programu zilizoingia pamoja na nyingine. Ulipopakua programu ya bure ukabofya "Next", "Next", "Next", huenda uliikubali na ya pili. Fungua "Settings" ya Windows, "Apps", kisha orodha ya programu zilizowekwa. Ipange kwa tarehe. Angalia zilizoingia siku tatizo lilipoanza. Usiondoe jina usilolielewa kwa sababu tu hulielewi, kwani viendeshi vya kifaa (drivers) huwa na majina ya ajabu. Liandike jina hilo, tafuta maana yake, kisha uamue. Baadaye fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", ufanye uchunguzi kamili. Huchukua muda mrefu, kwa hiyo uache ukiendelea ukipika chai.

Akaunti inayosawazishwa. Hili linawasumbua wanaotumia mashine mbili. Ukiwa umeingia kwenye Chrome kwa akaunti ya Google na usawazishaji (sync) umewashwa, mipangilio na viendelezi husafiri na akaunti yako. Unasafisha laptopu ya nyumbani Nyalenda, lakini kompyuta ya kazini Maseno bado ina kiendelezi kibaya, nacho kinarudi kwako kupitia akaunti. Zima usawazishaji kwenye mashine zote mbili, zisafishe zote, ndipo uuwashe tena.

Na tafadhali, usiingie kwenye Chrome yenyewe kwa akaunti yako ukiwa saiba. Kufungua barua pepe na kutoka ni jambo moja. Kukifungamanisha kivinjari cha watu wote na akaunti yako ni jambo jingine kabisa.

Usimamizi. Fungua vidoti vitatu vya Chrome uangalie chini kabisa. Ukiona "Managed by your organization", kuna sheria iliyowekwa kutoka nje ya kivinjari. Kwenye kompyuta ya ofisi ya kaunti au ya shule hilo ni la kawaida, nenda kwa afisa wa teknolojia, usihangaike na mipangilio. Kwenye laptopu uliyoinunua mwenyewe, andika chrome://policy usome kilichoorodheshwa. Wakati mwingine ni programu ya kukinga virusi. Lakini ukikuta mstari unaotaja ukurasa wa mwanzo wenye anwani ileile inayokusumbua, umekamata mkono. Sheria hizo hukaa ndani ya Windows na kuziondoa kunahitaji uangalifu. Kama hujawahi kugusa mambo hayo, mpelekee fundi na umwonyeshe ukurasa huo wa chrome://policy, atajua pa kuanzia.

Kurudisha mipangilio ya awali. Iache mwisho. Iko kwenye "Settings", "Reset settings", kisha "Restore settings to their original defaults". Alamisho, historia na nywila ulizohifadhi zinabaki. Kinachopotea ni ukurasa wa mwanzo, mtambo wa kutafutia, vichupo ulivyobandika na vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hukutambua nazo), kwa hiyo utatakiwa kuingia upya kwenye akaunti zako. Viendelezi vyote huzimwa. Usifanye hivi dakika kumi kabla ya kutuma ombi la kazi ukiwa hukumbuki nenosiri la barua pepe yako.

Watu wengine hunijia wakisema ukurasa wa mwanzo umebadilika, kumbe ukurasa uko salama na kilichobadilika ni mtambo wa kutafutia: wanaandika maneno juu, wanapelekwa kwenye tovuti wasiyoijua. Hilo hurekebishwa kwenye "Search engine" katika "Settings", lakini mkono unaolisababisha huwa ni ule ule, kwa hiyo ukaguzi wa hapo juu haujapotea bure.

Ishara kwamba umefaulu: rudia hatua ya 3 na ya 4. Ukurasa ukidumu siku mbili, baada ya kuzima na kuwasha mara kadhaa, mkono umeondoka. Ikiwa katika kipindi cha tatizo uliingia eCitizen, benki au barua pepe kupitia ukurasa ule wa kigeni, badilisha nywila hizo leo, ukitumia mashine nyingine iliyo safi.

## Hatua ya 6: Kwenye simu

Chrome ya Android: vidoti vitatu, "Settings", "Homepage". Washa swichi, chagua nafasi ya kuandikia anwani yako, bandika. Picha ya nyumba itatokea juu kushoto.

Usitarajie simu ifanye kama kompyuta. Ukifungua Chrome mara nyingi inakurudisha kwenye kichupo cha mwisho ulichokuwa unasoma, na watu huliona hilo kama kushindwa. Igonge picha ya nyumba: ikikupeleka kwenye anwani yako, kila kitu kiko sawa.

Safari ya iPhone haina mpangilio huu. Badala yake fungua tovuti unayoitaka, gonga alama ya kushiriki, chagua "Add to Home Screen". Aikoni ya tovuti itakaa kwenye skrini kama programu nyingine. Mbinu hiyo ipo pia kwenye menyu ya Chrome ya Android, na kusema kweli, kwa mzazi au babu anayehitaji tovuti moja tu, naiona bora kuliko ukurasa wa mwanzo. Anagonga picha moja, amefika.

## Hatua ya 7: Mashine za saiba na maabara za shule

Walimu wa kompyuta kutoka Vihiga na Siaya wameniuliza sana juu ya hili. Wanaweka tovuti ya shule kwenye mashine 20 Ijumaa, Jumatatu wanakuta hakuna hata moja iliyobaki nayo. Wamekagua viendelezi na aikoni, hakuna uchafu.

Angalia upande wa kulia wa upau wa chini, karibu na saa. Saiba na maabara nyingi hutumia programu ya kugandisha mashine, kama Deep Freeze, ambayo kila kompyuta ikiwashwa upya huirudisha kama ilivyokuwa ilipogandishwa. Ni kinga nzuri dhidi ya virusi vya flashi za wanafunzi, lakini haichagui: inafuta kirusi, na inafuta ukurasa wako wa mwanzo pia.

1. Pata nenosiri la programu hiyo kwa msimamizi. Bila hilo hakuna njia halali ya kuendelea.
2. Igandue mashine na uiwashe upya. Iko wazi sasa, kwa hiyo usiruhusu mtu achomeke flashi wala kupakua chochote.
3. Fanya hatua ya 3 kwa kila kivinjari kilichomo, maana hujui mwanafunzi atafungua kipi.
4. Fanya jaribio la hatua ya 4 ukiwa bado hujaigandisha. Ukigandisha kosa, kosa ndilo litakalorudi kila asubuhi.
5. Igandishe tena, iwashe upya mara mbili, na ufungue kivinjari kila mara.

Fanya mashine moja hadi mwisho kabla ya kugusa ya pili. Tovuti ya shule ikifunguka baada ya kuwasha mara ya pili, na alama ya kugandishwa iko mahali pake karibu na saa, bandika kikaratasi juu ya skrini hiyo na uhamie kwenye inayofuata.